CD au Santuri? Kuchagua Njia ya Kugeuza Diski Kuukuu Kuwa Pambo la Ukutani

Kabla hujagusa mkasi wala brashi, chukua CD moja iliyochakaa uibandike ukutani kwa selotepu, palepale unapotaka pambo lako likae. Iache siku nzima. Ipitie asubuhi, mchana, jua likishuka, na usiku taa zikiwaka. Kuna ukuta ambao CD hiyo itawaka kijani na zambarau kila ukipita, na kuna ukuta ambao itabaki duara la kijivu tangu alfajiri mpaka usiku. Jaribio hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu nitakachoeleza hapa.

Wengi huanza kwa kujiuliza watengeneze nini: ua, saa, tausi, nyota. Mimi naona swali la kwanza ni la mwanga. CD huishi kwa mwanga. Pasipo mwanga wa kuipiga kutoka ubavuni haina cha kukuonyesha. Santuri huishi kwa umbo na weusi wake, na weusi hauhitaji dirisha. Nimeona kazi nzuri za CD, zilizokatwa kwa uvumilivu wa wiki nzima, zikitundikwa kwenye korido isiyo na dirisha na kufa palepale. Aliyezitengeneza hakuwa na kosa lolote la mikono. Alikosea ukuta.

Ukishajua ukuta wako, kinachobaki ni kujua diski yako imeumbwaje, maana kila njia ya kuipamba inafuata umbile lake.

Diski zinatofautiana wapi

CD ya kawaida ina kipenyo cha milimita 120, unene wa milimita 1.2 na tundu la milimita 15 katikati. Uzito wake ni kama gramu 15 au 16. Karibu yote ni plastiki ngumu, angavu, iitwayo polikaboneti, ileile inayotengenezewa miwani ya kinga. Juu ya plastiki kuna utando mwembamba mno wa alumini, juu ya alumini kuna vanishi, na juu ya vanishi kuna maandishi. Hapo ndipo watu hushangaa: alumini iko karibu na upande wa maandishi, si upande unaong'aa. Ukikwaruza upande unaong'aa, umekwaruza plastiki tu. Ukikwaruza upande wa maandishi, alumini inatoka na mwanga unapenya. Shika hilo vizuri, kwani kazi nyingi za hapa chini zinalitegemea.

DVD ina ukubwa uleule, ila yenyewe ni plastiki mbili za milimita 0.6 zilizogundishwa pamoja, alumini ikiwa imefungiwa katikati. Kwa hiyo haibanduki ovyo kama ya CD. Lakini ukiikata vibaya, pande mbili huachana na kukuachia vipande viwili vyembamba: kimoja kinang'aa, kingine ni angavu kama kioo cha dirisha. Wapo wanaoliona hilo kuwa balaa. Mimi huzitenganisha makusudi kwa wembe ninapotaka vipande vyepesi.

Zile rangi za upinde wa mvua zinatokana na mistari midogo iliyozunguka diski. Kwenye CD, mstari mmoja na mwenzake umeachana kwa mikromita 1.6, yaani chini ya sehemu mbili za elfu za milimita. Kwenye DVD ni 0.74. Mistari inapokaribiana zaidi, rangi hutawanyika mbali zaidi. Ndiyo maana CD hukupa vipinde kadhaa vyembamba vinavyofuatana, na DVD hukupa kimoja kipana chenye rangi nzito. Ziweke mbili chini ya taa moja, uzigeuze polepole, utaona tofauti mara moja. Diski za Blu-ray zina mistari iliyobanana hadi 0.32, na kwa hiyo rangi hazionekani ila mwanga unapokuja kwa mlalo mkubwa, tena hasa buluu na zambarau. Mimi huzitumia kama vioo vyeusi vya kutuliza macho katikati ya CD nyingi.

Ziko pia zile za kurekodia mwenyewe. Hizo zina dawa ya rangi ndani: kijani-buluu, dhahabu, na kwa DVD zambarau. Ukitaka kutengeneza samaki au majani, ni hazina. Ubaya wake, dawa hiyo hufifia ikikaa juani, basi usizipe ukuta unaopigwa na jua la moja kwa moja.

Santuri ni kitu kingine kabisa. Ile kubwa ya sentimita 30, iliyoingia sokoni 1948, na ile ndogo ya inchi 7 iliyoifuata 1949, kwa kawaida ni plastiki ya PVC. Kubwa ina uzito wa gramu 120 hadi 180 hivi. Plastiki yake hulainika kwa joto dogo, na hilo ndilo linaloifanya ikunjike na ndilo linaloiharibu ikisahauliwa dirishani. Usiichanganye na zile nzito za zamani zilizozungushwa mizunguko 78 kwa dakika. Nyingi kati ya hizo zimetengenezwa kwa utomvu wa mdudu uitwao shelaki, uliochanganywa na unga wa mawe. Zikianguka huvunjika kama sahani ya udongo, na spiriti huzila. Hizo usizikate, usizipashe moto, usizisafishe kwa spiriti. Zitundike nzima au ziache.

Jambo moja kabla ya kuharibu chochote: sikiliza au fungua kila diski. Nilikuwa na CD isiyoandikwa jina, imelala kwenye rundo la kukatwa, nikaiingiza kwenye kompyuta kwa kuwa tu mkasi ulikuwa ukitumiwa na mtu mwingine. Zilikuwemo picha za arusi ya dada yangu, nakala pekee. Tangu siku hiyo sina haraka. Kwa santuri, tazama lebo na umwonyeshe mtu anayekusanya. Zilizokwaruzika mpaka sindano inaruka ndizo za kazi yetu, zinazopigika ziende kwa mwenye kuzipiga.

CD nzima au CD iliyokatwa

Hapa ndipo watu wengi husita, na hapa nitakaa kidogo.

CD nzima ni kazi ya mchana mmoja. Unaziosha kwa maji na sabuni, unazikausha kwa kitambaa laini, unazipanga. Tundu la katikati ni msaada mkubwa, kwa kuwa ndilo katikati halisi ya duara: ukilipitishia msumari au uzi, diski haining'inii upande. Ukipanga CD 8 kwa 8 zikigusana, unapata mraba wa sentimita 96 kwa 96, na CD zote 64 hazizidi uzito wa kilo moja na kidogo. Ni pambo kubwa ambalo hata ukuta dhaifu hubeba.

Mpangilio nao una neno lake. Ukizipanga mraba kwa mraba, duara hufunika asilimia 78.5 tu ya ukuta, na pengo kati ya duara nne huonekana kama nyota. Ukisogeza kila mstari nusu diski, kama nyuki wanavyopanga masega, unafunika asilimia 90.7, na mapengo huwa pembetatu ndogo. Ukuta uliopakwa rangi nzuri unastahili mpango wa kwanza, kwa sababu rangi yake inaingia kwenye picha. Ukuta wenye madoa nausitiri kwa mpango wa pili.

Ninachokipenda zaidi kwa CD nzima ni kuziinamisha. Ukizibandika bapa, zote hukuonyesha rangi ileile kwa wakati uleule, na ukisimama mahali pabaya zote zinazima pamoja. Ukiweka kipande kidogo cha sponji nyuma ya kila moja, nene upande huu na nyembamba upande ule, kila diski inatazama kwake. Mtu akipita, rangi zinakimbia ukutani kama samaki wadogo maji yanapotikiswa.

CD iliyokatwa, yaani mozaiki, picha inayoundwa kwa vipande vidogo vilivyogundishwa, ni kazi ya siku nyingi. Fremu ya sentimita 30 kwa 40 ilinimalizia CD 14, kwa sababu pete ya katikati isiyo na alumini haifai na vipande vingi hupasuka mahali usipotaka. Lakini hakuna njia nyingine inayokuwezesha kuchora kitu kwa mwanga wenyewe: mgongo wa samaki, bawa, maji yanayotembea. Mistari ya diski imezunguka, kwa hiyo kila kipande kina upande wake wa kuwaka. Ukivipanga vyote vikielekea upande mmoja, picha inang'aa kwa pamoja. Ukivichanganya, inametameta. Kwa maji navichanganya, kwa bawa navielekeza.

Kukata kwenyewe kuna siri zake, nitazieleza kama ninavyofanya. Nauchukua mkasi imara, ule wa kukatia bati nyembamba ukiwepo. Naiingiza CD ndani kabisa ya mkasi, karibu na kiungo, siyo kwenye ncha. Nabana polepole kutoka ukingoni kuelekea katikati, na naacha kabla mkasi haujafunga wote, halafu nasogeza mbele. Ukifunga mkasi kwa ghafla, utasikia "tak" na ufa utakuwa umekimbia kwenda unakotaka wenyewe. Maji ya moto nayatumia pia: natumbukiza CD kwa dakika moja, naikata ikiwa bado ina joto. Polikaboneti huanza kulainika kwenye nyuzijoto 147 hivi, kwa hiyo maji yanayochemka hayaigeuzi kuwa mpira. Ninachokiona ni kwamba hupasuka mara chache zaidi kuliko ikiwa baridi. Miwani ya kinga si ya hiari. Vipande vidogo huruka juu kuliko unavyodhani, na kingo zake hukata kidole kama kioo.

Baada ya kukata, tazama kingo za CD: alumini itakuwa imeanza kumenyuka kama magamba. Hapo ndipo DVD inaishinda CD kwa mbali. Kama una DVD za kutosha, tengenezea mozaiki hizo, na CD uziache zitundikwe nzima. Kama CD ndizo ulizonazo, pitisha vanishi angavu ya maji nyuma ya kila kipande siku hiyohiyo, kabla magamba hayajafika katikati.

Mapengo kati ya vipande unayajaza kwa grauti ya vigae. Nyeupe hufanya rangi zionekane hafifu. Nyeusi au kijivu kizito huziamsha. Ipake kwa kidole kilichovaa glavu, isubiri ikaze kidogo, ifute kwa kitambaa chenye unyevu. Usiisugue ikiwa kavu: chembe zake zitaikwaruza plastiki, na mng'ao uliousubiri wiki nzima utakuwa umefifia mbele ya macho yako.

Kukwangua au nukta nukta

Kazi hizi mbili huwekwa pamoja kwa kuwa zote zina rangi na brashi, ila zinataka maandalizi yanayopingana.

Kukwangua ni hivi: unapaka upande unaong'aa rangi nyeusi ya akriliki, mikono miwili myembamba, unaacha ikauke vizuri, kisha unachora kwa kijiti cha kuchokolea meno. Kila unapokwangua, upinde wa mvua unatokea kwenye mstari wako. Kwa kuwa alumini iko nyuma ya plastiki yote, mkwaruzo hauifikii. Hapa usiipige msasa diski. Msasa utaua mng'ao, na mng'ao ndio mchoro wenyewe. Iosheni tu kwa sabuni, umalizie kwa pamba yenye spiriti ili mafuta ya vidole yatoke. Asetoni usiiguse kabisa. Huifanya polikaboneti iwe na ukungu na nyufa nyufa zisizoondoka.

Rangi isiyoshikiliwa na msasa hubanduka kwa urahisi, na ndicho kinachoiwezesha kukwanguka safi. Ndiyo maana kazi ya kukwangua ni ya kutazamwa tu: itundike mbali na mikono, na baada ya siku mbili tatu ipulizie vanishi kwa mbali, mara nyingi kidogo kidogo. Ukiipaka vanishi kwa brashi unaweza kuzoa mchoro mzima.

Nukta nukta ni kinyume chake. Ile michoro ya duara inayoanza na nukta moja kubwa katikati na kupanuka pete kwa pete inataka rangi nene iliyoshika. Basi diski unaipiga msasa laini, namba 320 hivi, mpaka mng'ao ufe wote, unafuta vumbi, unapaka rangi ya chini, ndipo unaanza nukta. Hauhitaji zana za kununua. Kichwa cha msumari, nyuma ya penseli, mpini wa brashi: kila kimoja kina ukubwa wake. Chovya mara moja, gusa mara moja. Ukigusa mara ya pili bila kuchovya, nukta inakuwa ndogo, na ufundi wenyewe uko hapo, kwamba ukipiga nukta nne mfululizo kwa chovyo moja unapata mkia unaopungua kwa mpangilio mzuri.

Lakini nikiulizwa nukta zipigwe kwenye nini, nasema santuri bila kusita. CD ina tundu la milimita 15 palepale katikati ambapo nukta kubwa ingekaa, lazima ulizibe kwa kadi na gundi. Eneo lake ni dogo, pete tano sita umemaliza. Tena, ukishaipiga msasa na kuipaka rangi, umekitupa kitu pekee ambacho CD inaizidi santuri kwacho. Santuri tayari ni nyeusi, tundu lake ni dogo la milimita 7 tu, ina sentimita 30 za kuzunguka, na mifereji yake inashika rangi bila msasa. Mifereji hiyo pia ni mistari ya mwongozo: jicho lako linaifuata, na pete zako zinakuwa duara hata kama hukutumia bikari.

Santuri: kuipaka, kuikata, kuikunja

Kuipaka nimeshaisifia. Iosheni kwanza kwa maji vuguvugu yenye sabuni kidogo, kwa brashi laini inayofuata mifereji. Lebo ya katikati, kama unataka ibaki, ifunike kwa plastiki iliyokatwa duara, kwa sababu karatasi yake huvimba kwa maji. Mimi huiacha ibaki kila mara. Ile rangi ya lebo, nyekundu au buluu, huniambia rangi za nukta zitakazofuata.

Kuikata ili kupata umbo, ndege kwenye tawi, uso wa mtu kwa ubavu, mstari wa majengo, kunatoa matokeo ya kuvutia kuliko yote, na ndiyo kazi ninayoshauri watu wengi waiache mpaka wazoee. Inataka msumeno wa uzi wenye meno madogo, mkono mtulivu, na mwendo wa polepole. Ukienda kwa kasi, plastiki inapata joto, inayeyuka, na kushika msumeno. Vumbi lake usilivute: vaa barakoa na ufanyie kazi nje. Ukiwa na rafiki mwenye mashine ya kukata kwa leza, usimpelekee santuri. PVC ikichomwa hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, ambayo huumiza mapafu ya watu na kutia kutu mashine. Kwa sababu hiyohiyo, santuri haikatwi kwa kisu kilichopashwa moto mpaka kiwe chekundu, ingawa utaona watu wakifanya hivyo.

Umbo la santuri iliyokatwa linahitaji ukuta mweupe au wa rangi nyepesi. Kwenye ukuta mzito, weusi unazama na mchoro haupo. Hapo utaona kwamba mahitaji yake ni kinyume cha CD: CD inatafuta mwanga, hii inatafuta utofauti wa rangi.

Kuikunja ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Oveni iwe nyuzijoto 95 hadi 100, isizidi. Bakuli la chuma limefudikizwa, santuri juu yake, dakika tatu hadi tano, na hukai mbali. Ikishalegea kama kitambaa kilicholowa, itoe kwa glavu nene na uikunje unavyotaka. Una kama nusu dakika kabla haijakaza. Ukikosea, irudishe ilegee tena. Madirisha yawe wazi, na chakula kisiwe ndani ya oveni wakati huo. Ukiikunja nusu, unapata mfuko wa ukutani wa kuwekea maua makavu au barua. Ukiivuta kingo zake kwa mawimbi, unapata ua kubwa jeusi. Kwa CD jambo hili halifai: joto linaloilainisha ni kubwa, na vanishi na rangi zake zinaweza kuharibika. Kuna pia wanaoweka CD kwenye maikrowevu ili alumini ipasuke kama ardhi kavu. Mchoro wake ni mzuri, moshi wake ni mbaya, na oveni hiyo ndiyo ya chakula. Sikushauri.

Santuri 9, tatu kwa tatu, zinatoa mraba wa sentimita 90 kwa 90, karibu sawa na zile CD 64. Misumari 9 badala ya 64. Mtu asiye na muda, mwenye ukuta mkubwa, aliulize rundo lake swali hilo kwanza.

Kufuma kwa uzi nitakugusia kwa ufupi, kwa kuwa kunapendwa na watoto. Unapitisha uzi kwenye tundu la CD na kuuzungusha ukingoni mpaka upate miale, kisha unafuma juu na chini kuzunguka. Idadi ya miale iwe witiri, 17 au 19; ikiwa shufwa, kila mzunguko utapita mahali palepale na ufumaji hautashikana. Hakuna kukata, hakuna gundi kali, na haijalishi ukuta una mwanga au la, kwani uzi unafunika kila kitu.

Gundi na kutundika

Kazi nyingi huharibikia hapa, miezi baadaye, usiku watu wamelala, kitu kinaanguka.

Kosa la kwanza ni kugundisha juu ya maandishi ya CD. Gundi imeshika rangi ya maandishi, rangi imeshika vanishi, vanishi imeshika alumini, na alumini imeshika plastiki kwa shida. Uzito ukivuta, tabaka dhaifu kuliko yote ndilo linaloachia, na unakuta gundi yako imara kabisa ikiwa na ngozi ya CD juu yake. Dawa ni kugundisha kwenye ile pete angavu ya katikati, ambako hakuna alumini. Pete hiyo ipige msasa kidogo, weka gundi hapo, na diski haitakwenda popote. DVD haina shida hii kwa kiwango hicho.

Gundi ya kuyeyusha kwa moto ni ya haraka, ila kwenye sehemu laini inayong'aa hushika juu juu, na ukuta ukipata joto inaachia. Naitumia kushikilia wakati gundi nyingine inakauka. Ile gundi kali ya matone, inayokauka kwa sekunde, huacha ukungu mweupe kuzunguka kwa mvuke wake. Kwenye kitu ambacho uzuri wake ni mng'ao, hilo ni doa la kudumu. Ninayoitegemea ni silikoni angavu ya mafundi, ile isiyonuka siki. Inayonuka siki ina asidi, na asidi na alumini havikai nyumba moja. Silikoni inachukua siku nzima kukauka, lakini inabaki na unyumbufu, ukuta ukipanuka na kusinyaa inafuata.

Kama umepanga nyumba na huruhusiwi kutoboa kuta, usigundishe ukutani hata kidogo. Gundisha kila kitu kwenye ubao mwepesi wa plaiwudi, au funga CD kwa mshipi wa kuvulia samaki zikiteremka kutoka kwenye fimbo moja. Siku ya kuhama unaondoka na pambo lako zima.

Na santuri, popote unapoitundika, iwe mbali na dirisha linalopigwa na jua na mbali na jiko. Ikianza kujikunja yenyewe haikuulizi.

Ukiwa bado umekwama

Nitasema ningefanya nini mimi. Ukuta ulio mkabala au ubavuni mwa dirisha: CD nzima zilizoinamishwa, kwanza hizo, kabla ya kitu kingine chochote. Ukuta huohuo na una wiki mbili za jioni: mozaiki ya DVD. Ukuta mweupe usio na mwanga wa kutosha: santuri ya nukta, na baadaye, mkono ukikomaa, santuri ya umbo. Chumba cha watoto: kufuma, au kukwangua wakisimamiwa, mkasi ukiwa umefichwa. Bafu lenye mvuke: DVD badala ya CD, kwa sababu unyevu hupenya kingo za CD zilizokatwa na alumini inapata vidoa. Ukiwa na diski tatu nne tu, usijilazimishe mozaiki. CD moja iliyokwanguliwa vizuri, ndani ya fremu yenye kadi nyeusi, inatosha ukuta mdogo.

Kwangu nina zote mbili sasa. Sebuleni ziko CD 24 kwenye ukuta wa ubavuni mwa dirisha, na koridoni iko santuri moja yenye nukta za machungwa na nyeupe kuzunguka lebo nyekundu. Saa kumi na nusu jua linafika kwenye CD ya kwanza upande wa kushoto, na kwa dakika ishirini hivi rangi zinahama diski kwa diski mpaka mwisho wa mstari. Ile ya koridoni haibadiliki. Inabaki vilevile mchana na usiku, na mgeni akitoka sebuleni ndiyo anayosimama kuigusa kwa kidole, nukta moja moja.